Fomu ya Fundi, Mumiani wa Buguruni na Mapafu Yetu

Naomba radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa natafuta jibu la swali moja nililoulizwa na jirani yangu hapa Ukonga, na kila nilipodhani nimelipata nilikuta kuna jingine limejificha nyuma yake. Nimeona bora niliandike lote hapa, maana nadhani halimhusu yeye peke yake.

Jirani yangu huyu tunamwita Fundi. Anatengeneza redio, feni na pasi kwenye kibanda chake, sio mbali na kituo cha Mombasa. Ni mtu wa makamo, mcheshi, na mtaa mzima unamfahamu. Mwaka 2019 aliugua kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, akaambiwa amepona. Halafu mwanzoni mwa mwaka 2021 akapata kile ambacho sote tulikuwa tunakiita "changamoto ya upumuaji". Alijifukiza nyungu, akanywa tangawizi na malimao, akakaa ndani wiki tatu. Akainuka. Lakini tangu hapo hajawa yule yule. Akibeba feni mbili kutoka kibandani hadi nyumbani lazima asimame njiani mara mbili. Akipanda kilima kidogo anashika kiuno kama mtu aliyekimbia kutoka Pugu.

Sasa basi, jioni moja naenda kumsalimia, "Shikamoo Fundi", akaitikia, akaniita pembeni. Akatoa karatasi zilizokunjwa kwenye mfuko wa shati. Fomu ya ridhaa. Amealikwa kujitolea kwenye utafiti wa mapafu.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi," akaniambia. "Hawa watu wanataka nipulize kwenye mashine, wanipige picha, wanitoe damu, na niwe narudi kila baada ya muda. Dawa hawanipi, wanasema wanachunguza tu. Nikubali au nikatae? Maana kule Morogoro nasikia panya wananusa makohozi ya watu. Nisije na mimi nikageuzwa panya."

Nilicheka. Ni kweli panya buku wa pale SUA wamefundishwa kunusa makohozi na kugundua kifua kikuu, na wanaifanya kazi hiyo vizuri tu. Lakini Fundi hakuwa anatania. Nikamwambia nipe siku chache nisome. Na mimi nikipewa ruhusa ya kusoma, basi tena. Nilianza na fomu ya Fundi nikaishia mwaka 1918.

Damu ya watu wengine

Anayetoka Ukonga kwenda Kariakoo anapita Banana, Airport, Vingunguti, TAZARA, kisha Buguruni. Tunapita Buguruni kila siku tukiwa tumebanana ndani ya daladala, tunawaza foleni na nauli, na wengi wetu hatujui kilichotokea pale mwaka 1959.

Mwaka huo, miaka miwili tu kabla ya Uhuru, ulivuma uvumi kwamba kuna watu wanakamata wananchi na kuwanyonya damu ili watengeneze dawa. Mumiani. Bibi zetu walitutisha kwa neno hilo tulipokataa kulala, ila kwa watu wa wakati ule halikuwa hadithi ya kulazia watoto. Pale Buguruni uvumi ulizaa ghasia, na katika ghasia hizo askari polisi mmoja aliuawa na umati.

Imani hii haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Nairobi na Kampala watu waliwaogopa wazimamoto, waliaminika kuchukua watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizi kutoka Afrika Mashariki na Kati akatoa kitabu mwaka 2000. Anachosema, kwa kifupi, ni kwamba tusizicheke hadithi hizi haraka haraka. Tuzisome kama maelezo ya watu kuhusu maisha chini ya mkoloni: kuna mwenye gari, ana vifaa, anakuja bila kueleza, anachukua kitu kutoka kwako, na wewe hujui kinaenda wapi.

Hebu fikiria mfano huu. Mwaka 1949 kilianzishwa kituo cha utafiti wa matende na mabusha mjini Mwanza. Sasa, vijidudu vya ugonjwa huo vina tabia ya ajabu. Mchana vinajificha ndani ya mwili, usiku wa manane ndio vinatoka kwenye damu ya karibu na ngozi, kwa sababu mbu wanaovieneza huuma usiku. Kwa hiyo mtafiti akitaka kuviona lazima achukue damu usiku. Jiweke kwenye nafasi ya mwanakijiji. Giza limeingia, watu wanakuja na taa na sindano, wanataka damu ya familia nzima, halafu wanaondoka nayo. Kisayansi wako sahihi kabisa. Lakini kama hakuna aliyekaa chini akakueleza habari za mbu na usiku, ungewaitaje watu hao?

Melissa Graboyes, mwanahistoria mwingine aliyeandika mwaka 2015 juu ya utafiti wa tiba Afrika Mashariki tangu miaka ya 1940, anaonesha kwamba tatizo lilikuwa kubwa kuliko woga. Watafiti na wananchi walikuwa kwenye mapatano mawili tofauti bila kujua. Mtafiti alidhani amekuja kujifunza. Mwananchi alidhani daktari amekuja kutibu. Kila upande ulitimiza ahadi yake kama ulivyoielewa, na kila upande ukajiona umedhulumiwa.

Kumbukeni maneno ya Fundi: "Dawa hawanipi, wanasema wanachunguza tu." Miaka zaidi ya sabini baadaye, swali ni lile lile.

Watu 29 katika kila 100

Hapa ndipo nilipokutana na kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa, na nakiri nilipaswa kukijua.

Fundi alipona kifua kikuu kwa dawa za miezi sita. Leo tunaona kawaida. Lakini miaka ya 1960 mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa mwaka mmoja na nusu, miezi 18. Wengi walishindwa. Nani anaweza kukaa mbali na shamba, duka au watoto kwa muda wote huo? Mtu akipata nafuu kidogo anatoroka hospitali, ugonjwa unarudi, na safari hii umeshazoea dawa.

Unajua ni wapi ilipothibitishwa kwamba miezi sita inatosha? Ni hapa kwetu. Hospitali za Afrika Mashariki na Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika majaribio yaliyoendeshwa kwa pamoja na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza. Kwenye vitabu utakutana na majina ya wataalamu wa Uingereza kama Wallace Fox na Denis Mitchison. Ni watu walioheshimika sana, na walistahili. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972 kwenye jarida la Lancet.

Jaribio lilikwenda hivi. Wagonjwa waligawanywa makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata matibabu ya zamani ya miezi 18. Makundi mengine manne yalipata matibabu ya miezi sita, yote yakiwa na sindano za streptomaisini na vidonge vya isoniazidi. Tofauti ilikuwa kwenye dawa ya tatu: kundi moja liliongezewa rifampisini, la pili pirazinamidi, la tatu thiasetazoni, na la nne halikuongezewa kitu. Halafu wagonjwa wakafuatiliwa kuona ni nani ugonjwa utamrudia.

Waliopata rifampisini, ugonjwa uliwarudia watu kama 3 katika kila 100, sawa na wale wa miezi 18. Waliopata pirazinamidi, 8. Waliopata thiasetazoni, 22. Na wale waliopata dawa mbili tu kwa miezi sita, ugonjwa uliwarudia watu 29 katika kila 100.

Soma tena hiyo namba ya mwisho. Sisemi kwamba walifanyiwa ubaya. Hakuna aliyekuwa anajua jibu kabla, ndiyo maana jaribio likafanyika, na ugonjwa ulipojirudia walifuatiliwa na kutibiwa upya. Lakini ukweli unabaki pale pale. Kuna watu wa Afrika Mashariki waliorudi nyumbani wakidhani wamepona, kisha wakaanza kukohoa upya, na kikohozi chao ndicho kilichoifundisha dunia ni dawa gani zisizotosha. Mgonjwa wa Mumbai, wa Lima au wa London anayemeza dawa za miezi sita leo ana deni kwao. Fundi naye ana deni kwao. Majina yao hayamo kwenye jarida, na hayatakiwi kuwamo, maana siri ya mgonjwa ni siri. Lakini hata kwa jumla yao, bila majina, ni lini tumewahi kuwataja? Shuleni tulikariri mwaka aliofika Vasco da Gama Malindi. Hili hatukufundishwa.

Na kuna uchungu mwingine mdogo ndani yake. Rifampisini, ile dawa iliyofanya vizuri kuliko zote, ilikuwa ghali mno wakati ule. Watu walioithibitisha waliishi kwenye nchi ambazo hazikuweza kuinunua kwa kila mgonjwa. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ikisaidiwa na mtaalamu Karel Styblo, na katika miaka ya 1980 ikaanza kutumia tiba ya muda mfupi ya miezi minane, rifampisini ikitolewa kwa uangalifu katika miezi ya mwanzo tu mgonjwa akisimamiwa. Mpango huo wa kwetu ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliuchukua kuwa mfano kwa nchi nyingine katika miaka ya 1990. Wabongo tunapenda kusema hatujawahi kuwapa walimwengu kitu. Tumewapa hiki.

Tukumbuke pia kwamba dawa zenyewe ziliacha alama. Streptomaisini inaweza kuharibu masikio na kumwacha mtu na kizunguzungu au uziwi wa kudumu. Thiasetazoni ilileta madhara makali ya ngozi, na ulipokuja UKIMWI ikaonekana ni hatari zaidi kwa wenye virusi, ikaachwa. Hayo nayo yalijulikana kwa sababu kuna mtu alipatwa, na kuna mtu aliandika.

Polisi 60

Kwa sisi wa Ukonga, polisi ni majirani. Kambi ya FFU ipo hapa hapa, na tumezoea kuwaona wakikimbia mchakamchaka asubuhi huku sisi tunagombania daladala. Kwa hiyo sura inayofuata iliniingia zaidi.

Mwaka 2007 lilianza jaribio la chanjo ya Virusi vya UKIMWI pale Muhimbili, likiendeshwa na chuo cha Muhimbili kwa kushirikiana na watafiti wa Sweden. Waliojitolea walikuwa watu 60 wenye afya njema, na walitoka Jeshi la Polisi jijini Dar es Salaam. Kwa nini polisi? Kwa sababu tangu miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakiwafuatilia askari wa Dar es Salaam katika masuala ya VVU, kwa hiyo tayari kulikuwa na mazoea na kuaminiana.

Hapa neno "kujitolea" lina maana kamili. Wagonjwa wa kifua kikuu wa mwaka 1970 walikuwa wagonjwa tayari, walihitaji dawa kwa vyovyote. Hawa 60 hawakuwa na ugonjwa. Walikuwa wazima, wakakubali kuchomwa sindano za kitu ambacho hakijathibitishwa, kwa ajili ya watu wasiowajua.

Mtafiti Edith Tarimo wa Muhimbili na wenzake walizungumza na askari kuhusu uamuzi huo, wakachapisha mwaka 2010. Hakukuwa na jibu moja. Kulikuwa na moyo wa kulisaidia taifa, na wengi walikuwa wamewaona ndugu na wenzao wakiisha kwa ugonjwa ule. Kulikuwa na hamu ya kupata elimu na kujua afya zao. Na kulikuwa na woga: woga wa madhara, woga wa mwenzi nyumbani kusema nini, woga wa kutaniwa na wenzao kazini. Yaani walifikiri kama Fundi anavyofikiri. Walipima faida na hasara, za kwao na za wengine, ndipo wakaamua.

Lakini kuna jambo moja linalohusiana moja kwa moja na swali la madhara ya muda mrefu. Chanjo ya aina ile inaufanya mwili utengeneze kinga dhidi ya virusi. Sasa vipimo vya kawaida vya VVU vinatafuta kinga hiyo hiyo. Matokeo yake, mtu aliyechanjwa, ambaye hana virusi hata kimoja, anaweza kupimwa kwenye zahanati yoyote akaambiwa ameathirika. Fikiria askari amekwenda kupima kwa ajili ya ndoa, au mkopo, au uzazi. Hatari yenyewe haikuwa kwenye damu yake, ilikuwa kwenye karatasi. Na hali hiyo inaweza kudumu miaka baada ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo aliyejitolea alihitaji watafiti waendelee kuwepo, wenye vipimo vya kutofautisha, hata baada ya utafiti kwisha.

Matokeo? Chanjo ilikuwa salama na miili yao ilijibu vizuri sana, ripoti ikatoka mwaka 2011. Ikafuata kazi nyingine Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko. Mwisho likaja jaribio kubwa la PrEPVacc, lililowaandikisha watu 1,512 kutoka Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, likitumia chanjo za ukoo ule ule. Desemba 2023 ikatangazwa kwamba uchanjaji umesimamishwa kwa sababu hakukuwa na dalili za kuzuia maambukizi.

Kwa hiyo miaka yote hiyo ilipotea bure? Mimi nasema hapana. Kujua kwamba njia hii haifiki ni ujuzi pia, kama wale watu 29 katika kila 100. Lakini hatuwezi kusema hivyo kirahisi huku sindano hazikuingia kwenye mikono yetu.

Homa mbili, daftari tupu

Turudi kwenye mapafu. Mara mbili katika kipindi kinachozidi kidogo miaka mia moja, virusi vya njia ya hewa vimepita hapa kwetu kama moto wa nyika.

Mara ya kwanza ni mwaka 1918. Vita vya Kwanza vya Dunia vinakaribia kwisha, wapagazi wamechoka, njaa ipo, na homa ya mafua inaingia Mombasa na kusambaa kwa reli, meli na miguu ya askari. Tanganyika ilipoteza makumi ya maelfu ya watu. Waliobaki walikuwaje? Ni wangapi walibaki na kifua kibovu, moyo dhaifu, au uchovu usiokwisha? Hakuna aliyewafuatilia. Utawala uliojali hesabu ya mizigo haukujali hesabu ya pumzi.

Mara ya pili tuliishuhudia wenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Tarehe 29 Aprili takwimu za taifa zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu zikasimama. Juni tukaambiwa korona imeondoka kwa maombi. Mwanzoni mwa 2021 tulikuwa tunazika na kusema "changamoto ya upumuaji". Utawala ukabadilika mwezi Machi mwaka huo, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani.

Sitaki kufungua ugomvi wa zamani hapa. Nataka kusema jambo moja dogo. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya korona ya muda mrefu: dalili zinazokuwepo takribani miezi mitatu baada ya kuugua, zikadumu si chini ya miezi miwili, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kukosa pumzi, akili kuwa nzito. Marekani ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa utafiti ulioitwa RECOVER, maelfu ya watu wakajiandikisha. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 vijana 36 wenye afya, wa miaka 18 hadi 30, walikubali kuwekewa virusi vya korona puani kwa makusudi ili wataalamu waangalie kila hatua. Jirani zetu Kenya, pale Kilifi, wafanyakazi wa afya na wengine walio mstari wa mbele walijitolea kwenye jaribio la chanjo ya Oxford kuanzia Oktoba 2020, ingawa miezi michache kabla yake Afrika nzima ilikuwa imechefuka baada ya daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa kuzungumza kwenye televisheni kana kwamba bara hili ni uwanja wa majaribio.

Na Fundi? Fundi hakupimwa. Hakuna karatasi inayosema aliugua nini mwaka 2021. Huwezi kufuatilia madhara ya muda mrefu ya ugonjwa ambao haukuandikwa. Utafiti wa namna hiyo unaanza na orodha, na jina la Fundi halimo kwenye orodha yoyote. Leo akiulizwa kwa nini anashindwa kupumua, daktari ana njia mbili mbele yake, makovu ya kifua kikuu au korona, na ya pili haina ushahidi.

Kupona si kumaliza

Kuna habari njema kidogo. Kwa miaka mingi kifua kikuu nacho kilihesabiwa hivi: aliyemaliza dawa na makohozi yake ni safi, amepona, tia tiki, funga faili. Siku hizi wataalamu wanakubali kwamba wengi wanapona vijidudu lakini wanabaki na mapafu yenye makovu na pumzi fupi. Julai 2019 wataalamu kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya jambo hilo peke yake.

Na kwetu? Mbeya, kwenye kituo cha NIMR, ulianza mwaka 2017 utafiti unaoitwa TB Sequel, pamoja na vituo vya Msumbiji, Afrika Kusini na Gambia. Uliwachukua watu tangu walipogunduliwa na kifua kikuu na kuwafuatilia miaka miwili au zaidi: mapafu yao, pumzi yao, hata mifuko yao, maana mtu asiyeweza kubeba mzigo anapoteza kazi pia. Hapa Dar es Salaam, Temeke, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi walianza mwaka 2013 kuandikisha wagonjwa wa kifua kikuu kwenye utafiti wa kuwafuatilia. Kazi za namna hii hazina mbwembwe. Hakuna sindano ya ajabu. Mtu anapuliza kwenye mashine, anatembea dakika sita huku anapimwa umbali, anaulizwa maswali, anarudi tena baada ya miezi. Lakini bila hiyo, siku Wizara itakapouliza "watu hawa ni wangapi na wanahitaji nini?", jibu litakuwa ukimya kama wa mwaka 1918.

Nilichomwambia Fundi

Nilirudi kibandani Jumapili. Nikamsimulia yote haya, kwa ufupi zaidi ya nilivyowachosha nyinyi. Sikumwambia akubali wala akatae. Nilimwambia utafiti wowote halali wa afya nchini lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, NIMR ndio wanaosimamia ngazi ya taifa, na namba ya kibali iulizwe. Nikamwambia ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake. Kisha tukaandika maswali nyuma ya risiti ya umeme:

Mkikuta kitu kibaya kwenye mapafu yangu mtaniambia, na mtanipeleka wapi? Nani analipa? Damu yangu itakaa wapi, na kwa muda gani? Nauli na siku ninayofunga kibanda? Utafiti ukiisha, nani atarudi kutuambia mmejifunza nini, na kwa Kiswahili?

Hilo la mwisho ni la Fundi mwenyewe. Nadhani ndilo swali ambalo watu wa Buguruni wa mwaka 1959 hawakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alisoma orodha yake mara mbili. Halafu akaniuliza kuhusu wale watu wa miaka ya 1970, wale ambao ugonjwa uliwarudia. Akataka kujua kama kuna aliyewahi kurudi kuwashukuru. Nikamwambia sijakuta popote palipoandikwa hivyo. Akanyamaza kidogo, akachukua bisibisi, akaendelea na feni ya mteja.

"Basi Jumanne twende wote," akasema bila kuniangalia. "Wakinijibu haya, napuliza mashine yao. Wasiponijibu, narudi na nauli yangu."

Jumanne nitakuwa naye kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla daladala hazijajaa. Na wewe unayesoma, kama baba yako, shangazi yako au wewe mwenyewe mlibaki na pumzi fupi baada ya mwaka 2020 au 2021, andika tarehe. Andika ulianza lini, ulihisi nini, ulikaa siku ngapi. Iweke pamoja na vyeti vyako. Inawezekana siku moja kuna mtu atakuja kuuliza, na safari hii daftari lisiwe tupu.

Tuko pamoja.